Je, Wajua? Mlusina wa Wazo

Je, wajua kwamba ule mti mwembamba wenye vimaua vyeupe vya duara, unaojiotea kwenye mapagale ya Salasala, kwenye vifusi vya Tegeta na pembezoni mwa njia za malori ya saruji pale Wazo, Dar es Salaam, si mzawa wa Pwani yetu? Ni mlusina, wengi wakiuita lusina tu. Kwao ni kusini mwa Meksiko na nchi jirani za Guatemala na Belize. Wataalamu wa mimea wanauandika Leucaena leucocephala.

Je, wajua kwamba jikoni kwako kumejaa ndugu zake? Kunde, choroko, mbaazi, maharage, karanga na hata ukwaju wa juisi vyote ni ukoo mmoja na mlusina, yaani jamii ya mikunde. Mkrismasi unaowaka mwekundu mwishoni mwa mwaka nao umo. Ukitaka kuuona undugu huo kwa macho, achana na ua, shika ganda. Ganda la mlusina ni bapa, urefu wake sentimita 9 hadi 19, na ndani yake mbegu 8 hadi 18 zimejipanga mstari mmoja. Likikauka linapasuka mishono yote miwili, sawasawa na ganda la choroko lililoachwa juani.

Je, wajua kwamba kile unachokiita ua la mlusina ni maua zaidi ya mia moja? Chuma kijimpira kimoja cheupe ukiweke kiganjani. Kipenyo chake ni sentimita moja na kitu, kikizidi sana mbili. Humo ndani mna vimaua 100 hadi 180 vilivyobanana kwenye kitovu kimoja. Petali zipo, lakini ni ndogo mno na zimejificha chini. Weupe wote unaouona ni wa nyuzi za stameni, zile sehemu za kiume zinazobeba chavua, na kila kimaua kina 10. Piga hesabu mwenyewe: kijimpira kimoja kina stameni 1,000 na kuendelea. Ukiwa na kioo cha kukuzia, angalia ncha za nyuzi hizo. Kwenye vifuko vya chavua kuna vinyweleo laini, alama inayowasaidia wataalamu kuitenga jenasi hii na mimea mingine inayofanana nayo.

Na katika vimaua vyote hivyo, vinavyofika kuwa maganda ni vichache. Kijimpira kimoja kwa kawaida hutoa maganda 5 hadi 20, yakining'inia pamoja kwenye kikonyo kimoja.

Je, wajua kwamba mlusina mmoja tu kwenye kiwanja unatosha kuanzisha kichaka kizima? Jenasi yake ina spishi zipatazo 24, na nyingi kati yake haziwezi kujichavusha zenyewe: lazima chavua itoke mti mwingine. Mlusina hauna shida hiyo. Chavua yake unaitumia wenyewe na mbegu zinatoka hai. Nyuki na wadudu wengine wanaoutembelea ni nyongeza. Uwezo huu unaendana na historia ya uzazi wake, kwa kuwa mlusina ulitokana na spishi mbili tofauti zilizochanganyika huko Meksiko, ukarithi kromosomu za pande zote mbili. Leo una kromosomu 104, wakati binadamu tuna 46.

Je, wajua idadi ya vijani kwenye jani moja? Jani la mlusina limegawanyika mara mbili. Bua kuu linatoa matawi madogo jozi 4 hadi 9, na kila tawi linabeba vijani jozi 13 hadi 21. Kwa hesabu hiyo jani moja laweza kuwa na vijani 208, au likafika 756. Kila kimoja kina urefu wa sentimita moja hivi na upana wa milimita chache. Ndiyo maana kivuli cha mlusina ni chepesi: jua linapenya, na mchicha uliopandwa chini yake bado unaona mwanga.

Je, wajua kwamba jani hilo linalala? Giza likiingia, vijani vinakunjana viwili viwili, mti ukaonekana umekonda. Jua la saa nane mchana likizidi na ardhi ikikauka, vinakunjana pia. Kazi hiyo inafanywa na kiungo kidogo kilichovimba pale kijani kinaposhikana na tawi. Seli za upande mmoja wa kiungo zinapoteza chumvi ya potasiamu, maji yanaifuata chumvi, upande huo unalegea na kijani kinainama. Maji yakirudi, kijani kinasimama tena. Kifauongo, ule mmea unaosinyaa watoto wakiugusa, unatumia utaratibu huohuo, ila wenyewe una haraka zaidi.

Tena kwenye bua la jani, karibu na jozi ya kwanza ya matawi, kuna kitezi chenye umbo la kikombe kidogo. Kinatoa maji ya sukari ingawa si ua. Ukiona sisimizi wamejipanga kwenye jani la mlusina usidhani wamepotea njia. Wamefuata kikombe hicho.

Je, wajua kwamba mlusina hauna mwiba hata mmoja? Ndugu zake wengi wa karibu, migunga ya bara kwa mfano, wamejihami kwa miiba. Mlusina unajihami kwa kemikali, na nitaieleza kwa urefu hapo mbele kwa sababu wafugaji wa Wazo inawahusu.

Je, wajua kwa nini mlusina umeipenda Wazo hasa? Jibu liko chini ya miguu. Kilima cha Wazo ni mawe ya chokaa, na ndiyo sababu kiwanda cha saruji cha Twiga kilijengwa hapo na kuanza uzalishaji mwaka 1966. Mimea mingi ya shambani inataabika kwenye udongo mwembamba uliojaa chokaa. Mlusina unaufurahia. Unahitaji kalsiamu nyingi, na unastawi kwenye udongo usio na tindikali au wenye alkali kidogo. Upeleke kwenye udongo wenye tindikali kali, aluminiamu inaidhuru mizizi yake, mti unadumaa na majani yanapauka. Kwa hiyo mahali palipochimbwa, pakaachwa mawe meupe na vumbi, panapoonekana hapafai kitu, kwa mlusina ndipo penye neema. Ongeza joto la Dar es Salaam, ongeza mvua zetu za masika na vuli ambazo kwa mwaka hukaribia milimita 1,100, hapo mgeni huyu anakosa nini? Adui zake wakubwa ni baridi ya milimani na maji yanayotuama. Bondeni kwenye tope la kudumu hauonekani sana.

Je, wajua kwamba mizizi yake ina rangi inayokaribia ya damu? Hili lifanye mwenyewe. Subiri udongo ulowe, ng'oa mche mdogo taratibu usikate mizizi, suuza kwa maji. Kwenye mizizi myembamba utaona vinundu, vingine kama punje ya mtama. Kata kimoja kwa wembe. Kikiwa hai na kinafanya kazi, ndani ni cha waridi au chekundu. Kikiwa kimechoka ni kijani au kahawia. Wekundu huo unatokana na protini iliyo jamaa ya ile inayobeba oksijeni kwenye damu yetu. Mle ndani wamo bakteria wanaoichukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea, lakini kimeng'enya wanachokitumia kinaharibika oksijeni ikizidi. Protini nyekundu inaishika oksijeni na kuitoa kwa kipimo, kiasi kwamba bakteria wanapumua na kazi haiharibiki. Mti unawalipa kwa sukari. Mimi kati ya mambo yote ya mmea huu, hili ndilo linalonishangaza kuliko yote, na natamani kila mwalimu wa sayansi Kinondoni awapeleke wanafunzi wake nje ya darasa na wembe na kopo la maji.

Faida yake kwa mkulima inapimika. Milusina iliyopandwa kwa wingi na kutunzwa vizuri inaweza kukusanya zaidi ya kilo 100 za naitrojeni kwa hekta kwa mwaka. Mbolea ya urea ina naitrojeni asilimia 46, hivyo kilo hizo 100 ni sawa na zaidi ya mifuko minne ya urea ya kilo 50. Ila naitrojeni hiyo nyingi iko kwenye majani. Usipoyakata na kuyarudisha shambani, bustani yako haitaionja.

Je, wajua kwamba majani ya mlusina yanaweza kumnyonyoa punda? Sasa tumefika kwenye ile kemikali. Inaitwa mimosini, ni asidi amino isiyo ya kawaida, na iligunduliwa kwanza kwenye kifauongo. Kwenye mlusina iko tele, hasa kwenye machipukizi mapya na mbegu. Kazi yake mwilini ni kusimamisha seli zisigawanyike, na seli zinazogawanyika kwa kasi ni pamoja na zile za shina la nywele. Farasi, punda, nguruwe na sungura wakilishwa kwa wingi, manyoya yanadondoka, kwa farasi na punda hasa ya mkia na shingo. Huko Australia katika miaka ya 1970 watafiti walijaribu kuwapa kondoo mimosini makusudi, sufu ikang'oka yenyewe bila mkasi. Na maabara za baiolojia zinaitumia hadi leo kuzisimamisha seli zote kwenye hatua moja kabla ya kuzichunguza.

Je, wajua kwamba mbuzi wa Hawaii waliwaokoa ng'ombe wa Australia? Wanyama wanaocheua wana bahati kidogo: bakteria wa tumboni mwao wanaivunja mimosini. Lakini kinachobaki baada ya kuvunjwa nacho ni sumu, kinaivuruga tezi ya shingo, na ng'ombe wa Australia waliolishwa mlusina walikuwa wakivimba tezi na kukonda. Mtafiti Raymond Jones wa shirika la sayansi la Australia, CSIRO, aliona kwamba mbuzi wa Hawaii wanaula mmea huohuo na hawadhuriki. Akafikiri siri iko tumboni. Ikawa kweli. Matumboni mwa mbuzi hao mlikuwa na bakteria anayeimaliza sumu ya pili. Katika miaka ya 1980 maji ya tumbo yenye bakteria huyo yalipelekwa Australia wakapewa ng'ombe, nao wakapona. Mwaka 1992 bakteria akapewa jina rasmi, Synergistes jonesii, kwa heshima ya Jones.

Kwa mfugaji wa Wazo mwenye mbuzi wake uani au ng'ombe mmoja wa maziwa, ushauri uliozoeleka ni huu: mlusina usizidi theluthi ya chakula cha siku. Uchanganye na majani ya tembo na pumba. Protini yake ni nyingi, na hasa kiangazi nyasi zinapokauka unasaidia sana. Ukiyaanika majani au ukayaloweka, mimosini inapungua. Sungura na nguruwe waonjeshe kidogo tu. Kuku vilevile, ila majani makavu yaliyosagwa kidogo kwenye chakula cha kuku wa mayai yanakifanya kiini kiwe cha manjano iliyokolea.

Je, wajua kwamba watu nao wanaula? Meksiko wanakula mbegu changa, Thailand wanachovya machipukizi kwenye pilipili, Indonesia mbegu zinaingia kwenye mboga. Huko pia kumewahi kuripotiwa watu waliopukutika nywele baada ya kuzidisha. Mimi sipendekezi kuujaribu kwenye sufuria, mchicha na kisamvu tunavyo.

Je, wajua kwamba mbegu yake ina alama ya kuzaliwa? Pasua ganda la kahawia, toa mbegu moja. Ni bapa, inang'aa, na ukiigeuzageuza kwenye mwanga utaona ubavuni mstari mwembamba wenye umbo la herufi U. Gamba lake ni gumu kiasi kwamba maji hayaingii. Ukiipanda hivyohivyo, nyingi zitakaa tu. Wapandaji huzimwagia maji ya moto, yaliyoanza kupoa kidogo baada ya kuchemka, wakaziacha humo dakika chache. Hapo sehemu dhaifu ya gamba inaachia, maji yanapenya na mbegu inaamka. Kilo moja ina mbegu zipatazo 15,000 hadi 20,000.

Gamba hilo ndilo chanzo cha usumbufu wote. Mbegu isiyopata nafasi inasubiri ardhini, na inaweza kusubiri zaidi ya miaka 10. Kwa asili haisafiri mbali, maganda yanapasuka yakiwa mtini na mbegu zinaanguka palepale chini. Lakini mji unaojengwa kila siku unaibeba. Lori la kifusi likitoka kiwanja kimoja kwenda kujaza shimo kiwanja kingine, mbegu zimo. Maji ya mvua yanayoshuka na mchanga mtaroni, mbegu zimo. Mbuzi aliyekula maganda akahamia mtaa wa pili, baadhi ya mbegu zinapita tumboni mwake salama.

Je, wajua kwamba dunia imeuhukumu mlusina mara mbili, hukumu zinazopingana? Mwaka 1977 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilichapisha kitabu kizima kikiusifu: malisho, kuni, mbolea, kuzuia mmomonyoko. Mwaka 2000 wataalamu wa shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, wakauweka kwenye orodha ya spishi vamizi 100 mbaya kuliko zote duniani. Binafsi naona hukumu zote mbili ni za haki. Mti ni uleule, kinachobadilika ni mahali ulipo na mikono inayoutunza.

Watu waliueneza kwa nia njema, tena kwa juhudi kubwa. Wahispania waliuvusha bahari ya Pasifiki hadi Ufilipino. Huko Amarasi, kisiwa cha Timor, katika miaka ya 1930 wakulima waliagizwa kuupanda kwa mistari mashambani kuzuia udongo usibebwe. Na baada ya Vita Kuu ya Pili, mbegu zake zilimwagwa kutoka kwenye ndege juu ya kisiwa cha Guam, kilichokuwa kimebaki uchi kwa mabomu. Guam nayo ina mawe mengi ya chokaa. Ukaota, na hadi leo haujaondoka.

Je, wajua kwamba mwaka 1992 mlusina ulipata pigo Afrika Mashariki? Kidudu kidogo kiitwacho Heteropsylla cubana, kinachofyonza utomvu wa machipukizi, kilitoka upande wa Karibi katika miaka ya 1980, kikapita visiwa vya Pasifiki na Asia hadi kikatufikia. Ncha za matawi zilinyauka, majani yakapukutika, na wakulima waliokuwa wameutegemea kwa malisho wakavunjika moyo. Haukufa. Uliteketea juu, ukachipua upya.

Kuchipua ndiyo tabia yake. Ukate kwa panga leo, baada ya wiki chache kisiki kimetoa fito nyingi kuliko mwanzo. Kwa anayetaka kuni hiyo ni baraka, maana ukuni wake unawaka vizuri na unatoa mkaa mzuri. Kwa anayetaka kusafisha kiwanja, panga peke yake halitoshi. Achimbe kisiki chenyewe.

Je, wajua kwamba Afrika Kusini waliajiri mbawakawa? Mwaka 1999 waliachilia mdudu aitwaye Acanthoscelides macrophthalmus, ambaye viluwiluwi vyake vinakula mbegu ndani ya ganda. Mti unabaki, mfugaji anapata majani, mbegu ndizo zinazopungua.

Je, wajua kilicho hatarini kwetu hapa? Si mbali na Wazo, upande wa Mabwepande, kuna Pori la Akiba la Pande, mabaki ya msitu wa asili wa pwani ndani ya jiji lenye mamilioni ya watu. Misitu hii ya pwani ina mimea isiyopatikana kwingine duniani. Mlusina hauwezi sana kuingia chini ya kivuli kizito, unahitaji jua. Lakini kila mti mkubwa unaokatwa kwa mkaa unaacha tundu la mwanga, na kwenye tundu hilo mgeni mwenye mbegu zinazosubiri miaka 10 anaota haraka kuliko mzawa anayekua taratibu. Ndiyo maana nasema waziwazi: wa uzio wa mbuzi, upandwe na upunguzwe. Wa kupandwa kando ya Pande, hapana.

Na je, wajua muda ulio nao? Tangu ua lichavushwe hadi ganda liive ni wiki 10 hadi 15. Atakayepitisha panga kwenye uzio wake kila baada ya miezi miwili, masika na kiangazi, anapata malisho laini yasiyo na matawi magumu, na hakuna ganda hata moja litakalofika kuwa la kahawia. Miche iliyoota kutokana na mbegu za zamani ing'olewe kwa mkono wakati wa masika, ikiwa bado haijavuka kifundo cha mguu. Ikikua zaidi ya hapo mzizi mkuu umeshazama kwenye chokaa, na utahitaji jembe.